Paka wa Saa Nne Asubuhi

Sumie alipofariki, mwezi wa pili, baridi ikiwa bado kali, paka wake alianza kulia kila siku saa nne asubuhi. Hakulia saa ya chakula wala saa ya kulala. Saa nne ikifika tu, anakwenda kukaa mbele ya mlango wa nyuma, anauinulia uso, analia kwa sauti ndefu na nyembamba kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Baada ya nusu saa hivi ananyamaza, anarudi kujikunja kwenye mto wake.

Nilikuwa nikimsikia kwa sababu nyumba zetu zinagusana. Mimi naitwa Hatsune. Napika kwa mvuke hapa Yunosaka, mayai, mahindi na viazi vitamu, na jiko langu limeegemea ukuta wa nyumba ya Sumie. Mji wetu umekaa juu ya maji yanayochemka. Mvuke unatoka mitaroni, unatoka kwenye nyufa za ngazi za mawe, unatoka hata chini ya vyungu vya maua vya watu, na asubuhi za baridi vichochoro vinajaa mpaka unamsalimia jirani kwa kuwa umetambua kikohozi chake.

Mume wa Sumie, Ryozo Kuwahara, alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke. Miaka arobaini na mitano alipanda ngazi za chuma juu ya visima vya mvuke na kuchokonoa ule ukoko mweupe unaoziba mabomba. Alistaafu, wakamwita tena, akaenda tena. Ndivyo alivyoishi mpaka siku mkewe alipoanguka jikoni, moyo ukasimama kabla gari la wagonjwa halijapanda mlima. Baada ya mazishi hakurudi kazini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe akawa mtu wa kushinda nyumbani, na hapo ndipo alipoisikia hiyo saa nne.

Alivumilia wiki tatu. Alibadilisha samaki, akabadilisha mchanga wa choo cha paka, akasogeza mto karibu na dirisha. Mwishowe akaja jikoni kwangu, akasimama katikati ya mvuke, mikono nyuma.

"Jirani," akasema, "huyu paka anataka nini kwangu?"

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chungu. Nilitamani kumwambia sijui. Lakini Sumie alikuwa ameshakwenda, na paka alikuwa bado analia.

"Anataka kutoka," nikamjibu. "Sumie alikuwa akimtembeza. Kila siku, saa nne, ukiwa kazini."

Hapa inabidi nieleze jambo. Kabla ya huyu paka, ambaye anaitwa Goma, walikuwa na dume la manjano lililozurura mji mzima. Siku moja lilitumbukia kwenye mtaro wa juu, ule unaopeleka maji ya moto kwenye hamamu, bafu la umma la mji. Ryozo ndiye aliyelitoa, kwa mikono mitupu, na makovu anayo hadi leo, yanaanzia kwenye viganja na kuishia juu ya kifundo cha mkono. Dume lile liliishi siku mbili. Miaka ikapita, Sumie akaleta kitoto cha paka, kijivu chenye madoa meusi kama ufuta na miguu myeupe, na Ryozo akatoa sharti moja tu, kwamba huyu hatakanyaga nje. Sumie akaitikia.

Ryozo akaniuliza ni miaka mingapi. Nikamwambia sita. Akauliza nani mwingine alijua. Nikamwambia kichochoro chote. Nilikuwa nimempa yai la moto mkononi. Akaliweka juu ya meza, polepole, akatoka, akasukuma mlango nyuma yake taratibu kabisa. Afadhali angeubamiza.

Siku kumi hakunisemesha. Akinikuta kwenye ngazi anatazama miguu yake. Nilijua si paka aliyemuuma. Kilichomuuma ni kwamba sisi wote, hata jirani anayeuza tofu, ile jibini ya soya, tulikuwa na kitu cha mke wake ambacho yeye hakuwa nacho.

Siku ya kumi na moja, saa nne, kilio kilianza kikakatika ghafla. Nikachungulia dirishani. Ryozo alikuwa amechuchumaa uani, ameukuta ule mkanda wa kifuani aliotumia Sumie, wa turubai la buluu, ndani ya buti la mvua la marehemu. Alikuwa amemvalisha Goma mkanda huo juu chini, kamba imetokea tumboni. Paka akalala chini kama nguo iliyoloa. Ryozo akavuta. Paka akateleza juu ya mawe bila kuinua hata ukucha. Akavuta tena. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, anaburuza paka uani kwake huku akitazama pembeni asije akaonekana.

Nilitoka. Sikumsalimia. Nilichuchumaa, nikafungua vifungo, nikamvalisha upya.

"Vidole viwili vipite chini ya mkanda," nikamwambia. "Vikipita vitatu atachomoka. Na usimvute, ukimvuta anakuwa jiwe."

"Sasa nitampelekaje?"

"Humpeleki. Unamfuata."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Lakini Goma alikuwa ameshasimama, mkia juu, ameshapita langoni, na kamba ikakaza mkononi mwa Ryozo, naye akafuata.

Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, tulipoanza tena kuzungumza. Alisema siku za kwanza alidhani atakufa kwa aibu na kwa kuchoka kusimama. Paka hatembei kama watu. Anakwenda hatua nne, anakaa. Ananusa jiwe moja kwa muda ambao mtu angekunywa kikombe cha chai. Anautazama mvuke unaotoka mtaroni kama anayesoma barua, kisha anasogea hatua nyingine tatu. Ryozo alikuwa akipita kichochoro kile kwa dakika mbili, mfuko wa vyuma begani, macho juu kwenye mabomba. Sasa alikipita kwa dakika arobaini, macho chini. Akaanza kuona vitu. Akaona kwamba ukuta wa nyuma wa hamamu una joto kiasi cha kuotesha jani dogo la kijani wakati wa theluji. Akaona kwamba mvuke wa asubuhi hautoki kwa pamoja, unaanza chini ya mteremko na kupanda, kichochoro kwa kichochoro, kana kwamba kuna mtu anawasha taa nyumba hadi nyumba. Siku nyingine alisahau kabisa kwamba ameshika kamba. Alikuwa anatembea ndani ya weupe, hajui ukuta uko wapi, na mbele yake kuna mkia wa kijivu unaoonekana na kupotea.

Na watu wakatokea. Muuza tofu alitoa kichwa dirishani, akamsalimia paka kwanza. "Mkaguzi, umechelewa mwezi mzima," akasema, na ndipo akamwona aliyeshika kamba, akavua kofia. Mama wa kukatisha tikiti hamamuni yeye alimwita Goma kwa jina la Bibi Harusi, kwa sababu ya miguu yake myeupe, na alikuwa na kitambaa maalumu cha kumpangusa nyayo. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kumwita paka. Ryozo alizijibu salamu hizo kwa kichwa tu, kama mtu anayepokea vitu vya mkewe kimoja kimoja kutoka kwa wageni.

Kulikuwa na kona moja tu waliyokosania. Penye ngazi za mawe, Goma kila siku alitaka kupinda kushoto, kupanda kuelekea mtaro wa juu. Na kila siku Ryozo alimbeba kifuani, akapita haraka, moyo ukimwenda mbio, akamshusha ng'ambo.

Mwisho wa njia palikuwa na nyumba ya Bi Tatsuno. Ana miaka tisini na tatu, miguu ilishamkatalia, na kitanda chake kimewekwa dirishani, kinatazama kichochoro. Goma aliruka juu ya kizingiti cha dirisha bila kuuliza, akaingiza kichwa chini ya mkono wa bibi. Bi Tatsuno akamkuna kwa muda, macho yamefumba. Kisha akauliza, "Na mama yake leo yuko wapi?"

Ryozo aliniambia alifungua kinywa kusema ukweli. Kilichotoka kikawa kingine.

"Amechoka kidogo," akasema. "Amenituma mimi."

"Wewe ndiye Ryozo."

"Ndimi."

"Basi mwambie apumzike. Mwambie yale maua ya mchikichi wake wa kwenye kopo yamechanua." Akaonyesha chungu cha plastiki pale dirishani. Hakikuwa na mchikichi wala maua, kilikuwa na kitunguu kilichochipua, na bibi akacheka mwenyewe, kwa sababu ule ulikuwa mzaha wao wawili. Sumie alikipanda siku bibi alipolalamika kwamba hatauona tena mti ukikua.

Kesho yake Ryozo alirudi. Bi Tatsuno akauliza mgonjwa anaendeleaje, na Ryozo akasema anaendelea vizuri, amefurahi kusikia habari ya kitunguu. Ndivyo ilivyoanza. Majira ya machipuko yakapita, yakaja ya mvua, yakaja ya joto ambapo sisi wapishi wa mvuke tunajilaani kwa kuchagua kazi hii, na kila siku Ryozo alifika dirishani pale na ujumbe kutoka kwa mkewe, akaondoka na ujumbe kwa mkewe. Mwanzo aliona ni uongo wa kuepuka maneno magumu. Halafu akagundua kwamba usiku, kabla ya kulala, anafikiri kwa makini kile Sumie angejibu. Anamsikia akijibu. Akifika nyumbani anawasha udi mbele ya picha yake na kumpa salamu za Bi Tatsuno, neno kwa neno, kwa kuwa ameagizwa.

Na bibi naye alimpa vitu. Alimwambia kwamba Sumie alikuwa akisema mumewe huimba akipiga mswaki na hajui kwamba anaimba. Alimwambia kwamba Sumie alikuwa akitambua kwa harufu ya shati ni kisima kipi alichofanyia kazi siku ile. Ryozo alinisimulia haya kwangu jikoni, siku ya kwanza aliporudi kukaa kwenye kigoda changu, miezi minne baada ya kuniacha na lile yai. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Alimenya yai, akala, akaniambia mkewe alikuwa na pua kali.

Mwezi wa kumi na moja baridi ilirudi. Goma akaota manyoya mazito, na Ryozo akaulegeza mkanda kidogo asimbane. Asubuhi moja mvuke ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Nilikuwa nimebeba trei ya mayai kupeleka hamamuni nilipokisikia kisima cha juu kikifunguliwa kwa ajili ya usafishaji. Kinanguruma vibaya, mpaka madirisha yanatetemeka. Sisi tumezoea.

Nilimkuta Ryozo penye ngazi za mawe, amesimama wima. Kamba ilikuwa mkononi mwake, na mwisho wa kamba ule mkanda wa buluu uliofungwa vizuri, mtupu.

"Amerudi kinyumenyume," akasema. "Amechomoka. Amekwenda kushoto."

Kushoto ni mtaroni. Nikamwambia labda amerudi nyumbani. Hakunisikia. Alikuwa anaitazama mikono yake, na mimi pia nikaitazama, yale makovu.

Kisha kisima kikafungwa, kukawa kimya, na Ryozo akafumba macho. Aliniinulia kidole ninyamaze. Kwa miaka arobaini na mitano ya ufundi, anaijua mitaro kwa sauti. Alianza kupanda ngazi huku macho yamefumba, mkono mmoja umetangulia, nami nikamfuata na trei yangu ya mayai kwa sababu sikukumbuka kuiweka chini. Weupe ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikuwa naufuata mgongo wake kama kivuli. Alipinda, akasimama, akapinda tena. Upande mmoja maji yalikuwa yanatokota. Nilihisi joto usoni kama ninapofunua chungu.

"Hapa," akasema, akafumbua macho.

Goma alikuwa amekaa juu ya jiwe bapa, kando kabisa ya mtaro, miguu imekunjwa chini ya kifua, macho nusu yamefumba. Kati yake na maji yanayochemka palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja. Alitusikia, akapindua sikio moja. Basi.

Ryozo alipiga magoti, akasogea kidogo kidogo, akamkamata na kumtia ndani ya koti lake, akafunga vifungo vyote. Hapo ndipo tulipoona kilichokuwa pembeni ya jiwe. Lilikuwa kreti la tofu lililopinduliwa, na juu yake mto mdogo wa kukalia uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki usiloane. Kitambaa cha mto ule ninakijua. Ni mabaki ya pazia la jikoni la Sumie.

Ryozo alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Alishuka, na hakushika njia ya nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Bi Tatsuno, na mimi nyuma yake. Akasimama dirishani, kichwa cha paka kimetokeza kifuani mwake, na machozi yamemjaa.

"Mama," akasema, "Sumie amefariki. Tangu mwezi wa pili. Nimekudanganya."

Bi Tatsuno alinyoosha mkono, akamgusa paka kwanza, kisha akamgusa yeye kwenye mkono wa koti.

"Najua, mwanangu," akasema. "Siku ya kwanza tu ulikuja unanukia udi wa msibani. Nikasema, huyu mtu bado hajawa tayari, ngoja tuzungumze naye hivi hivi."

Ryozo alijiegemeza ukutani. Akamwuliza kuhusu kile kiti cha mtaroni. Bibi akamweleza. Alisema Sumie alijua kwamba hata mkiwa waangalifu namna gani, iko siku mlango utaachwa wazi. Basi kila asubuhi alimpeleka Goma penye mtaro uleule uliomchukua yule wa kwanza, akakaa naye, kamba fupi mkononi, akimwacha asogee mpaka joto limguse pua arudi mwenyewe. Mwaka mzima wa kwanza alifanya hivyo, mvua au jua. Baadaye ilikuwa mazoea tu, akakaa pale apumzike.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alijaribu. Akasema, nikimwambia atakuwa juu ya ngazi, mita kumi hewani, anamfikiria paka. Ataweka mguu mahali pasipo na kitu." Bibi akamkuna Goma katikati ya masikio. "Alikuwa akikungoja ustaafu kwelikweli. Alisema siku hiyo atakushika mkono akupeleke ukaone."

Ryozo alikaa chini palepale kichochoroni, juu ya jiwe lenye uvuguvugu, paka ndani ya koti, akalia bila kuficha uso. Muuza tofu alitokea, akaona, akarudi ndani polepole. Mimi nikaweka trei chini hatimaye, nikammenyea bibi yai moja, nikamenya na jingine, nikamwekea Ryozo mkononi.

Tangu siku ile walipinda kushoto. Aliubana mkanda sawasawa, vidole viwili, na wakafika kwenye kreti, akakaa kwenye mto wa Sumie, Goma juu ya jiwe lake, kamba fupi kati yao. Nilipita siku moja nikawaona. Wote wawili walikuwa wamefumba macho, mvuke unawapita usoni, na sikuweza kusema nani kamleta mwenzake.

Mwezi wa nne Bi Tatsuno akamwambia Ryozo kwamba ni miaka minne hajakanyaga nje, na kwamba anataka kushika ile kamba, hata mara moja. Mkwe anayeishi na bibi alisita, akataja kifua cha bibi, akataja ngazi. Ryozo hakubishana. Alikwenda akapima vizingiti, akachonga mbao, akaweka njia ya kiti cha matairi kutoka mlangoni hadi kichochoroni, na penye ngazi za mawe akatafuta njia ya nyuma inayopita kwenye mabomba, ambayo ni mafundi tu wanaoijua.

Walitoka asubuhi yenye mvuke laini, ule wa machipuko, unaoning'inia chini na kuacha anga wazi juu. Ryozo alisukuma kiti. Bi Tatsuno alikuwa amejifunga shali mbili, na kamba ya Goma ameizungusha kwenye kiganja mara tatu kama anayeogopa kunyang'anywa. Mama wa tikiti alitoka na kitambaa chake. Muuza tofu alivua kofia. Goma alitembea hatua nne, akakaa. Sote tukangoja. Bibi hakuvuta.

Kisha paka akainuka, kamba ikakaza, na Bi Tatsuno akageuza kichwa kumtazama Ryozo, uso umemng'aa.

"Ananivuta," akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, ananivuta kweli."

Wakaenda hivyo, polepole, wakapita ukuta wa hamamu, wakaingia kwenye weupe. Mkia ulipotea kwanza, kisha magurudumu, kisha mgongo wa Ryozo. Kwa muda mrefu baadaye nilikuwa bado namsikia bibi akiuliza hiki ni nini na kile ni nini, na Ryozo akimjibu.